Rangi Peke Yake Haitoshi

Gemu za kupanga rangi kwenye simu zina sifa mbaya: zinaonekana ni za watu wasio na kazi. Sitaki kuzitetea kwa upande huo, kwani muda wa mtu ni wake. Lakini ndani yake limo jambo la ufundi ambalo wanaotutengenezea vitabu vya shule, fomu na huduma za mtandaoni wangefaa kulitazama kwa makini. Chukua Candy Crush Saga, iliyotolewa na kampuni ya King mwaka 2012. Unapanga peremende tatu au zaidi za rangi moja, zinapasuka, nyingine zinashuka. Kwa haraka utadhani ni rangi tupu. Ukiangalia vizuri, kila rangi ina umbo lake: nyekundu imekaa kama punje ya haragwe, ya kijani ni ya mraba, ya njano kama tone, ya bluu ni ya mviringo, ya zambarau ni kishada. Asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani bado anacheza, maana kile kinachompotea kwenye rangi anakipata kwenye umbo. Waliopanga rangi bila kubadili umbo wamemfungia mlango mtu huyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Hapo Buigiri ipo shule ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Wanafunzi wa shule za aina hii si wote waliopo gizani kabisa. Wapo wenye uoni hafifu, na wapo wenye ualbino, ambao wengi huzitambua rangi vizuri lakini hawaoni vitu vidogo kwa mbali na huumizwa na mwanga mkali. Kwao, vidoa vidogo vya rangi zilizopauka kwenye kioo cha simu ni taabu tupu. Umbo kubwa lenye mpaka mweusi ni nafuu. Na tusijidanganye kwamba ni shida yao peke yao. Jua la saa saba mchana katika nyanda za Dodoma, likikutana na simu ya bei nafuu ambayo kioo chake kimechubuka, humfanya hata mwenye macho mazima ashindwe kujua rangi ya machungwa iko wapi na nyekundu iko wapi.

Watasema upofu wa rangi ni nadra kwetu. Ni kweli kwa kiasi: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini huwapata karibu mmoja kati ya 12, na tafiti za Afrika kwa kawaida hukuta kiwango cha chini ya hapo. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Hata kama ingekuwa mwanamume mmoja tu kati ya 100, tungekuwa tunazungumzia watu laki tatu hivi. Wengi wao hawajui. Hali hiyo hurithiwa, mara nyingi kupitia mama ambaye mwenyewe anaona sawasawa, na mtoto anayeambiwa ni mzembe kwa kupaka majani ya mti rangi ya udongo hana namna ya kujua kwamba wenzake wanaona kitu kingine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: asiyeona kabisa hatasaidiwa na umbo la kwenye kioo, basi mjadala wa nini? Jibu liko kwenye bao. Kete zake zote ni za namna moja. Hesabu na shimo ndivyo vinavyoamua, na vyote viwili kidole kinavifikia. Mchezo ule haukubuniwa kwa ajili ya wasioona, ila haukumtegemea mtu awe na macho. Simu nayo inaweza kutoa sauti na mtetemo. Kinachotakiwa ni ujumbe mmoja upite kwenye njia zaidi ya moja, na mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unasema wazi kwamba rangi isiwe njia pekee ya kufikisha taarifa.

Hapo ndipo gemu inapokutana na mambo mazito. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Hata hivyo ni rahisi kumkabidhi mwanafunzi grafu ambayo mistari yake inatofautiana kwa rangi tu, au fomu ya mtandaoni inayoonyesha kosa kwa wekundu bila neno. Nakala za masomo hutolewa steshenari kwa wino mweusi, na ramani iliyopakwa kijani na nyekundu hurudi ikiwa kijivu kitupu, kwa darasa zima. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweza kuweka sharti lisilohitaji bajeti kubwa: kabla kitabu hakijapitishwa, kila ukurasa wenye mchoro utolewe kopi isiyo na rangi, apewe mwanafunzi, ajibu maswali yake. Akishindwa kwa sababu ya kopi hiyo, mchoro urudi kwa mchoraji.