Daftari la Wiki: Kijibwa na Elimu ya Kuuza

Ameingia nyumbani kwetu Kiirua, upande huu wa kaskazini wa Mlima Kenya ambako baridi ya alfajiri haimhurumii mkubwa wala mdogo, mtoto wa mbwa, dume la rangi ya majivu, aliyetengwa na mamaye baada ya kutimiza wiki nane. Na umri huo nautaja makusudi, kwa kuwa wachuuzi wengi wa njiani huwauza watoto wa mbwa kabla hawajaacha kunyonya, ilhali ni katika wiki zile za mwisho, akichezeana na kuumana na nduguze, ndipo mbwa anapojifunza kuzuia meno yake.

Mama aliyeniuzia hakuanza kwa bei. Aliniuliza kwanza iwapo boma langu lina ua, ni nani atakayemlisha nikiwa kazini, na iwapo watoto wa nyumbani wamezoea wanyama; kisha akanionyesha mbwa mzazi, akanieleza bayana kwamba dawa ya minyoo amekwisha kumpa kijibwa, bali chanjo zote zilizosalia ni juu yangu. Ndipo alipotaja thamani yake, nami nikalipa kwa moyo mkunjufu.

*

Imesadifu kwamba wiki hiyo hiyo, katika duka la agroveti ninamofanya kazi, tumeanza kufundishwa namna ya kuuza. Mkufunzi alituusia kumlaki mteja kwa bashasha, kulihifadhi jina lake, na kutomwacha kabisa atoke mikono mitupu. Mawili ya kwanza nayakubali bila hoja. La tatu nalikataa, na sababu yangu ni mbegu ya viazi.

Mkulima huingia dukani akitaka mbegu iliyothibitishwa, naye yu tayari kulipa; lakini muuzaji asipomwuliza shamba lile lilipandwa nini misimu iliyopita, huenda anamwuzia hasara, kwa maana vijidudu vya mnyauko hukaa udongoni, na viazi, nyanya, biringanya na pilipili vyote huambukizwa navyo, hata mbegu iliyo safi kabisa, ikitiwa katika udongo huo, hunyauka mbele ya macho ya mwenyewe. Mtu kama huyo haki yake ni kuambiwa apande mahindi au ngano kwanza, aende zake na fedha yake mfukoni. Mkufunzi huita hiyo biashara iliyopotea. Mimi naiita amana iliyotunzwa, na sidhani kwamba kuna tijara yoyote iliyodumu katika mji mdogo, ambamo kila mtu anamjua jirani yake, pasipo amana hiyo.

*

Elimu hii ya kuuza ingefaa zaidi kupelekwa mashambani. Viazi vya Shangi, ambavyo wakulima wetu wamevipenda kwa kuwa hukomaa upesi na huiva upesi jikoni, vina ila moja kubwa: huchipua mapema mno baada ya kuvunwa, hivyo mwenye navyo hana nafasi ya kungojea bei, na dalali analijua hilo vizuri kuliko yeye. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho wa gunia la viazi, lakini mkulima mwenye haraka, asiye na mizani wala ghala, aghalabu hukubali gunia lililovimbishwa kwa kilemba cha juu, lile liitwalo mukorino, na kwa kila kilo iliyozidi hatoki na senti. Mizani ya pamoja kwa kila kikundi cha wakulima ingewafaa kuliko hotuba nyingi.

*

Wako wasomaji wangu wa pwani ambao hawatamridhia mgeni wangu, maadamu madhehebu ya Shafii humhesabu mbwa kuwa najisi. Nami nawastahi, nikijua kwamba sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na mashamba, na kwamba watu wa pangoni, waliotajwa katika Kurani, walikuwa na mbwa wao.

Linalotuhusu sote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika nchi yetu tangu mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi, na hata leo takriban wanadamu wote wanaoupata huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikisha kudhihiri, mauti ni kama hayaepukiki. Serikali ilijiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo hivyo, na wataalamu husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maradhi hukatika. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Nawe uliye na kijibwa, mpeleke achanjwe akitimiza miezi mitatu, umrudishe kila mwaka, na ukimwuzia mtu mbwa, umkabidhi na kadi yake ya chanjo.