Zamu ya Ziada Iliyokatishwa Ilipwe
Mwajiri anayekatisha zamu ya saa za ziada, yaani kazi iliyokubaliwa kufanywa nje ya saa za kawaida, anapaswa kumfidia mfanyakazi kwa saa zilizofutwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka saa za ziada zifanywe kwa makubaliano na zilipwe si chini ya mara 1.5 ya mshahara wa msingi. Makubaliano yanayomfunga mfanyakazi tu, huku mwajiri akiwa huru kukatisha zamu, hayana haki.

Aidha, mfanyakazi aliyeahirisha shughuli zake amekwisha kugharimika, ilhali sababu za kukatisha zamu, kama kukatika kwa umeme au kuisha kwa malighafi, ni hasara ya biashara, isiyopaswa kubebeshwa yeye.

Wenye mamlaka waweke kanuni ya kima cha chini cha fidia hiyo, na wakaguzi wa kazi waisimamie bila ajizi.