KUSHINDWA MTIHANI WA PIKIPIKI: SHAURI LETU KWA WANACHAMA WA DONHOLM



Neno la safari hii si la mishahara wala si la saa za kazi, lakini linagusa yote mawili. Katika tawi letu wako ndugu kadha wa kadha waliokwenda kufanya mtihani wa leseni ya pikipiki wakarudi bila kupita. Wengine wamenyamaza kwa haya. Wengine wamekwisha kuanza kusikiliza mashauri mabaya. Twaona yafaa Chama kiseme waziwazi, kwa maana jambo la mtu mmoja likiwa la watu kumi huwa ni jambo la Chama.

Kwanza tueleze kwa nini mfanya kazi wa reli anataka pikipiki. Zamani wazee wetu walikaa karibu na kazi. Nyumba za reli zilikuwa Muthurwa, Landhies na Makongeni, na mtu aliyeitwa kazini usiku alikwenda kwa miguu. Leo wengi wetu tumepanga vyumba Donholm, Savannah, Tena na Umoja. Gari la moshi la Embakasi lasimama hapa Donholm, ni kweli, lakini haliwezi kumpeleka kazini yule anayetakiwa kulitayarisha kabla ya alfajiri. Saa tisa za usiku matatu ni chache, na kutembea peke yako katika Jogoo Road, ile ambayo wazee waliiita Doonholm Road, ni kujitafutia msiba. Tena mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Mwenye pikipiki, akiwa na siku yake ya kupumzika, aweza kubeba abiria mmoja mmoja na kupata pesa za unga na karo. Kwa hivyo asiwepo mtu wa kuwacheka ndugu hawa na kusema wanataka anasa.

Sasa tazameni hali ya ndugu mmoja wa genge la njia. Alichukua mkopo wa akiba, akanunua pikipiki kabla ya kupata leseni. Siku ya mtihani alijibu vizuri maswali ya ishara na ya ubao wa mji. Lakini alipopanda pikipiki alitia mguu chini mara mbili katika mwendo wa polepole, na tena akakata kulia bila kugeuza kichwa kutazama nyuma. Akaambiwa hakupita. Leo pikipiki imefunikwa turubai uani, na kila mwezi mkopo unakatwa katika mshahara wake. Chombo hakifanyi kazi, na deni halilali.

Mtu wa namna hii huletewa mashauri matatu. Na tuyapime moja moja.

Shauri la kwanza ni hili: “Endesha tu, lakini usiku, askari ni wachache.” Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema katika kifungu cha 30 kwamba mtu asiendeshe chombo barabarani ila awe na leseni ya aina ya chombo hicho. Hata mwenye leseni ya motokaa hana ruhusa kwa pikipiki mpaka aongezewe daraja hilo. Na askari si hatari iliyo kubwa kuliko zote. Ukimgonga mtoto wa mtu pale chini ya daraja la Outer Ring Road, kampuni ya bima yaweza kumlipa aliyeumia, kisha ikageuka na kukudai wewe kila shilingi, kwa kuwa uliendesha bila leseni. Deni la pikipiki ni la miaka michache. Deni la mguu wa mtu au la roho ya mtu litakufuata mpaka uzee, na nyumba yako pamoja nawe.

Shauri la pili hunong’onwa: “Yuko mtu, mpe kitu kidogo, leseni itatoka.” Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhukumu mtoaji na mpokeaji pia. Lakini hata kama sheria hiyo isingalikuwapo, sisi watu wa reli tungepaswa kulikataa shauri hili kuliko watu wote. Tujiulize: katika siku za mvuke, mtu alipataje kushika injini? Alianza kwa kufuta mafuta na masizi, akapanda kuwa mtia makaa, akakaa miaka kando ya dereva akijifunza mlima na mteremko, ndipo akapewa injini. Nani kati yetu angekubali kulala katika behewa akijua dereva wa mbele alinunua cheti chake? Basi abiria wa pikipiki naye ni abiria. Mama anayepanda nyuma yako pale steji hana njia ya kujua kama leseni yako ni ya mtihani au ya bahasha. Amekuamini tu. Cheti cha kununua hakimfundishi mkono kushika breki.

Shauri la tatu lina unyofu zaidi: “Uza, sahau.” Huyu hatumlaumu, na kwa mtu ambaye macho yake hayaoni mbali, au ambaye ameona moyoni kwamba barabara inamtia hofu isiyokwisha, kuuza ni busara. Lakini kuuza kwa hasira wiki ile ile ya kushindwa ni kuuza kwa hasara. Mnunuzi akijua una deni atakupa bei ya deni. Kushindwa mara moja si ushahidi kwamba mtu hawezi. Katika Uingereza, ambako mtihani wa pikipiki una sehemu mbili za kuendesha, karibu watu 3 katika kila 10 hushindwa katika kila sehemu, na wengi hurudi. Wahenga wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi afanye nini ndugu yetu? Shauri letu ni hili.

Kwanza, ayajue makosa yake. Siku ile ile, kabla ya kulala, aandike katika karatasi yote aliyofanya tangu kuwasha injini mpaka kushuka. Mtu anayesema “mtahini ni mkali tu” hatajifunza neno. Anayesema “nilitia mguu chini nilipokuwa nageuka kushoto” ameshapata nusu ya dawa.

Pili, ajizoeze kosa lile, si kuzunguka uwanja bure. Mwendo wa polepole ndio huwaangusha wengi, maana pikipiki husimama yenyewe ikikimbia, bali ikienda kama mtu atembeaye humtegemea mpandaji. Dawa yake yajulikana: eksileta ishikwe sawasawa bila kuchezewa, klachi iachiwe nusu, breki ya nyuma iguswe kidogo, na macho yatazame pale unapotaka kwenda, si chini kwenye gurudumu. Anayetazama shimo huingia shimoni. Katika kukata kulia, tazama kioo, toa ishara, kisha geuza kichwa utazame juu ya bega la kulia kabla ya kuhama. Kioo hakionyeshi kila kitu, na matatu haina subira. Katika kusimama kwa ghafula, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito wote hukimbilia mbele. Lakini ikamuliwe, isinyakuliwe, na ya nyuma isaidie. Kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mpaka wa sheria mjini, pikipiki hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Sekunde moja ya kushangaa ni urefu wa matatu mbili.

Tatu, achague daraja linalomfaa. Kwa kanuni za mwaka 2020, A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya wale wanaobeba abiria au mizigo kwa ujira, pamoja na magurudumu matatu. Wengine wetu husomea A2 kisha wakasimama steji kungoja abiria. Kama nia yako ni kazi ya boda boda, jifunze na utahiniwe kwa A3 tangu mwanzo. Na leseni ya muda ni ya kujifunzia. Si ya kubebea watu kwa pesa.

Nne, aweke siku mpya ya mtihani wakati yuko tayari, si wakati deni linamsukuma. Akiweza kuzunguka pole mara kumi mfululizo bila mguu kugusa chini, na mwalimu akitazama, basi na aende. Asipoweza, angoje. Ada ya mtihani anaouendea bila kuwa tayari ni pesa iliyotupwa mtaroni.

Tano, kuhusu deni: pikipiki si lazima ikae bure. Kama ana ndugu au jirani mwaminifu mwenye leseni ya A3, na waandikiane mbele ya mashahidi, bima iwe ya kazi ya kubeba abiria, na mapato yalipe mkopo mpaka mwenyewe atakapopita. Kama hana mtu wa namna hiyo, afunge pikipiki, na ufunguo ampe mama watoto. Twasema hivi bila mzaha. Usiku wa saa tisa, mvua inanyesha na kazi inangoja, ufunguo ulio mfukoni huongea.

Wako watakaouliza, kwa nini makelele yote haya kwa ajili ya kikaratasi? Tuwakumbushe ya mwezi wa Machi 2022. Mwanamke mmoja alishambuliwa na waendeshaji wa boda boda katika barabara moja ya Nairobi, na Serikali ikaamuru msako, mpaka Mahakama Kuu ikausimamisha. Waovu walikuwa wachache, lakini aibu iliwapata wote. Siku kama hiyo mwenye leseni halali ana neno la kusema mbele ya askari na mbele ya hakimu. Asiye nayo hana. Tena mwaka 2023 peke yake zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na wapandao pikipiki ni fungu kubwa miongoni mwao. Helmeti nayo si pambo la kumridhisha polisi. Uchunguzi wa Cochrane uliotolewa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi za dunia, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia, na hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia. Sheria yataka helmeti na koti la kumetameta kwa mpandaji na kwa abiria wake, na abiria awe mmoja tu.

Lakini haitakuwa haki kumwambia mfanya kazi ajitahidi na kuwaacha wengine wakae kitako. Ziko shule za udereva, na hatuzitaji, ambazo humzungusha mwanafunzi uwanjani mara tatu nne, zikachukua ada, zikampeleka mtihani hajawahi kuvuka mzunguko mmoja wa barabara. Huo ni wizi kama wizi mwingine. Twataka shule imwandikie kila mwanafunzi saa alizofundishwa, na imtie sahihi. Na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, ombi letu ni hili: kila mtu asiyepita apewe makosa yake kwa maandishi. Kule Uingereza mtahiniwa huelezwa makosa yake, na kwa sehemu ya barabarani hungoja siku 10 za kazi kabla ya kurudi, ili apate nafasi ya kujirekebisha. Karatasi ya makosa ni adui wa hongo pia. Makosa yakiandikwa, mtu hujua alishindwa na barabara, wala hatadhani alishindwa na mfuko wake.

Kwa tawi letu wenyewe twaleta mashauri mawili mbele ya kamati. La kwanza: chama cha akiba na mikopo kitoe mkopo wa pikipiki kwa sehemu mbili, kwanza ada ya kujifunza na mtihani, na pesa za pikipiki zifuate leseni ikishaonekana. Tukifanya hivyo hakuna chombo kitakacholala chini ya turubai huku deni likitembea. Wengine watalalamika kwamba huko ni kucheleweshwa. Ndiyo, ni kucheleweshwa, kama vile gari la moshi linavyocheleweshwa na ishara nyekundu. La pili: ndugu wenye leseni na uzoefu wa miaka wajitolee kuwafundisha wenzao kanuni na ishara, Jumamosi baada ya kazi. Watu wa reli wamezoea kusoma kanuni. Ishara za barabara si ngumu kuliko zetu.

Ndugu, kule njiani hakuna dereva anayeingia sehemu bila kibali, hata kama amechelewa, hata kama abiria wanapiga kelele madirishani. Hungoja, na akipewa ruhusa huenda bila hofu, kwa kuwa ajua njia iliyo mbele ni yake. Ndugu yetu wa genge la njia amesimamishwa kwenye ishara tu, hakufukuzwa kazi wala barabara haikufungwa. Arekebishe mguu wake na shingo yake, arudi atahiniwe tena.

Aliye na tarehe ya mtihani, au aliyeshindwa na bado hajamwambia mtu, na amwone sekretari wa tawi. Hatauliza kwa nini ulishindwa. Atauliza wataka kujizoeza siku gani.