Hasla wa jana ndiye baba wa dainasti ya kesho

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani, kahawa tungu na kashata, mazungumzo yakaishia pale yanapoishia siku hizi: uchaguzi wa 2027. Kijana mmoja, dereva wa tuktuk, akasema safari hii kura yake haiendi kwa mtoto wa kigogo. Inaenda kwa mtoto wa maskini. "Aliyelala njaa ndiye anayeijua njaa," akasema. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe chini, akamuuliza: "Maskini wa lini, mwanangu? Wa alipozaliwa au wa leo?"

Baraza likacheka. Mimi swali lile nilikwenda nalo nyumbani, na nimelala nalo siku kadhaa.

Uchaguzi wa 2022 tuliufanya mashindano ya kuzaliwa. Upande mmoja alikuwa William Ruto, mtoto wa Sugoi, aliyetusimulia alivyouza kuku kando ya barabara na alivyovaa viatu mara ya kwanza alipoingia sekondari. Upande wa pili alikuwa marehemu Raila Odinga, mtoto wa Makamu wa Rais wa kwanza, akiungwa mkono na Uhuru Kenyatta, mtoto wa Rais wa kwanza, na Gideon Moi, mtoto wa Rais wa pili. Hasla dhidi ya dainasti. Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Sisi Pwani kwa wingi tulimpa Raila, lakini tusijidanganye: kuna vijana wetu wengi wa boda na akina mama wa mboga waliolipenda neno hasla, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kampeni kuwataja wao kwa kazi zao.

Sina haja ya kubishana na hadithi ya kuku. Huenda ni kweli kila neno. Tatizo langu ni kwamba hadithi hiyo si mpya. Karibu kila aliyekalia kiti kile aliwahi kuwa nayo.

Jomo Kenyatta alikulia kijijini, akasomeshwa na wamishonari, na kabla ya siasa aliwahi kuwa msoma mita za maji wa manispaa ya Nairobi. Daniel arap Moi alifiwa na babake akiwa mdogo, akachunga mifugo, kisha akawa mwalimu. Mwai Kibaki alizaliwa na wakulima wa Othaya, na kilichomtoa ni vitabu: Makerere, halafu London School of Economics. Hata Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwalimu Maseno kabla ya kuwa jina. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa kwenye zulia. Wote, kwa lugha ya leo, walikuwa mahasla.

Basi hizo dainasti zilitoka wapi? Zilitoka kwa mahasla hao hao. Dainasti ni hasla aliyeongezewa muda, akapata kalamu ya kugawa ardhi, vyeo na zabuni, na watoto wakakua. Msoma mita wa maji, mtoto wake akawa Rais, na Oktoba 2021 stakabadhi za Pandora zikaihusisha familia yake na kampuni zilizosajiliwa nje ya nchi. Mchunga mbuzi wa Baringo, mtoto wake akawa seneta na mwenyekiti wa chama alichoachiwa na babake. Umaskini wa baba ulibaki kuwa hadithi ya jukwaani, mali ikabaki nyumbani.

Watu wa kale wa Pwani walikuwa na msemo juu ya jambo hili, ambao heshima haitaniruhusu kuumaliza hapa: maskini akipata… Mnaujua.

Turudi kwa Ruto. Septemba 2021, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliisomea kamati ya Bunge orodha ya mali za Naibu Rais zilizokuwa zikilindwa na polisi. Ndani yake mlikuwa na shamba la zaidi ya ekari 2,000, na shamba hilo haliko Sugoi. Liko huku kwetu, Taita Taveta. Katika kaunti hiyo hiyo, upande wa Taveta, kuna shamba la familia ya Kenyatta lijulikanalo kama Gicheha. Tazameni picha hiyo vizuri. Hasla ana shamba Taita Taveta. Dainasti ina shamba Taita Taveta. Na kuna Mtaita na Mtaveta ambaye ni skwota katika kaunti inayobeba jina lake. Kwenye jukwaa la 2022 watu hawa wawili walikuwa mahasimu, ardhini kwetu ni majirani.

Hilo halikuanza jana. Sheria ya ardhi ya Pwani ya 1908 iliwataka watu wathibitishe madai yao ya ardhi mbele ya serikali ya mkoloni. Aliyekuwa na karatasi, na aliyejua njia ya ofisini, alipata. Ardhi ambazo Wamijikenda walizimiliki kwa ukoo na kaya hazikutambuliwa, zikahesabiwa kuwa za serikali. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ikarithi funguo zile zile. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhi ripoti yake Mei 2013, makamishna watatu wa kutoka nje walikataa kutia saini sura ya ardhi, wakilalamika kwamba maneno yaliyohusu ardhi ya Pwani na Mzee Kenyatta yalikuwa yamebadilishwa. Aliyepokea ripoti ile ni mtoto wake.

Mtu atasema: haya ni ya wabara, sisi ni wadhulumiwa tu. La. Tujitazame kwenye kioo na sisi.

Mkoloni alitupanga kwa ngazi, Mzungu juu, kisha Mhindi, kisha Mwarabu, chini kabisa wale aliowaita wenyeji. Ngazi hiyo iliamua kodi, shule, hata nani apewe kiti katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Waarabu walipata kiti miaka ya 1920. Mswahili akabaki katikati, kila siku akijaribu kuthibitisha kuwa hayuko chini. Ngazi ile ilituingia kichwani. Uhuru ulipokaribia, baadhi yetu tukadai Mwambao ujitenge, wengine wakamfuata Ronald Ngala na KADU kudai majimbo, na kila upande ukamwona mwenzake kwa rangi ya ngozi na urefu wa nywele badala ya kuuliza ardhi itabaki kwa nani. Oktoba 1963 ikakubaliwa ukanda wa Sultani uunganishwe na Kenya, Novemba 1964 KADU ikavunjwa. Tulikosa vyote viwili. Tangu siku hiyo hakuna Mpwani aliyekuwa Rais, Makamu wa Rais wala Naibu Rais. Joseph Murumbi, ambaye babake alikuwa Mgoa na mamake Mmaasai, alipata umakamu kwa miezi michache mwaka 1966. Sisi hata miezi hatujapata.

Na rangi imetuumiza kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Mwaka 1992 chama cha IPK kilikataliwa usajili, na mmoja wa viongozi wake wakuu, Sheikh Khalid Balala, serikali ikamkana akiwa Ulaya ikidai ni Myemeni. Hakurudi hadi 1997. Mtu kwao Mombasa, akaambiwa si kwao.

Mimi mwenyewe nilionja kidogo. Nilipotimiza miaka 18 tulikwenda kuomba kitambulisho sisi watatu, wanafunzi wa darasa moja. Wa kwanza jina lake ni la bara. Alionyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha babake, akaandikiwa. Mimi na wa tatu, kwa majina yetu ya ukoo, tukaambiwa tulete karatasi za babu. Babu yangu alizaliwa Mombasa na akazikwa Mombasa, na hakuna aliyemwambia kuwa iko siku mjukuu wake atatakiwa kumthibitisha. Tukapewa tarehe ya kupigwa msasa mbele ya kamati. Tarehe ilipofika nilikwenda peke yangu. Yule mwenzangu, mtoto wa mfanyabiashara mkubwa, alikuwa na kitambulisho mfukoni tangu wiki mbili nyuma. Babake alipiga simu. Changu kilichukua mwaka na zaidi, na kazi niliyokuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mwingine.

Jina letu lilituweka kwenye foleni moja. Simu ya babake ikamtoa. Tangu siku ile nikisikia mtu akisema "kiongozi huyu ni damu yetu", huwa najiuliza: ni damu yetu, sawa, lakini alisimama foleni yetu?

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa msasa ule kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ni hatua, na anayestahiki sifa apewe. Lakini ione nayo kwa jicho la foleni. Wenye simu hawakuwa wakiingoja.

Wanaodhani kuwa rangi peke yake inatosha watazame Uingereza. Oktoba 2022 Rishi Sunak alikuwa Mhindi wa kwanza kuwa Waziri Mkuu kule. Babake alizaliwa Kenya na mamake Tanganyika, na huku kwetu wako waliofurahi kana kwamba ni mpwa wao. Lakini Sunak alisoma Winchester, moja ya shule ghali kabisa za nchi ile, kisha Oxford na Stanford, na akaoa binti wa mwanzilishi wa kampuni ya Infosys. Katika filamu ya zamani alipokuwa kijana alisema ana marafiki wa kila tabaka, wakiwemo wafanyakazi wa kawaida, halafu akajisahihisha hapo hapo kuwa hao wa mwisho hana. Ngozi yake ilivunja ukuta, na hilo si dogo. Ila waliokuwa nje ya ukuta wa fedha waliendelea kuwa nje, wawe weusi au weupe.

Sasa tuje kwa wetu. Marehemu Shariff Nassir aliiwakilisha Mvita tangu 1974 hadi 2002. Mtoto wake, Abdulswamad, akawa mbunge wa Mvita, leo ni Gavana wa Mombasa. Ronald Ngala alikuwa nguzo ya Pwani, na mtoto wake Katana akawa mbunge na waziri. Sisemi mtoto wa kiongozi asigombee. Wamechaguliwa kwa kura. Nasema tuache kuimba kuwa dainasti ni ugonjwa wa bara. Na wale ambao hawakurithi kiti nao tuwaulize. Hassan Joho na Amason Kingi walikuwa pande mbili tofauti 2022. Leo Kingi ni Spika wa Seneti tangu 2022, na Joho ni Waziri tangu 2024. Wako meza moja. Vizuri. Lakini ikiwa Pwani iko mezani, mbona skwota wa Pwani bado yuko pale pale alipokuwa walipokuwa nje?

Na yule kijana wa tuktuk, na wenzake walioajiriwa? Waliambiwa serikali ya mahasla imekuja. Ikaja na Hazina ya Hasla Novemba 2022, mikopo midogo ya simu. Ikaja pia na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na ya bima ya afya ya asilimia 2.75. Juni 2024 watoto wa hao mahasla ndio waliojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wako ambao hawakurudi nyumbani. Rais aliyewahi kutembea bila viatu ndiye aliyekuwa Ikulu siku hiyo. Kumbukumbu ya njaa haikuzuia kitu.

Kwa hivyo, ikifika 2027, mimi sitamuuliza mgombea alizaliwa wapi wala babake alikuwa nani. Nitamuuliza matatu. Ardhi unayomiliki, hasa iliyo Pwani, uliipata vipi na kwa karatasi ya nani? Watoto wako wanasoma wapi na mkiugua mnatibiwa wapi, ili nijue kama shule na hospitali zetu zikianguka zitakuangukia na wewe? Na ulipokuwa na cheo, kidogo au kikubwa, ni mlango gani uliomfungulia mtu asiyekuwa na wa kumpigia simu? Tangu sheria ya 2003 maafisa wa umma wanatakiwa watangaze mali zao, ila matamko hayo mimi na wewe hatuyaoni. Mgombea anayejivunia umaskini wake wa zamani na atuonyeshe pia utajiri wake wa sasa.

Jana nilikutana na yule kijana kituoni, akisubiri abiria. Akanambia, "Ami, lile swali la mzee limeniharibia. Sasa kila mgombea nikimwona kwenye simu najiuliza, maskini wa lini?"

Nikamwambia haijamharibia. Na awaulize na abiria wake.