Bahari Inakula Gereza la Kilwa

Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome ya kale ya ufukweni, liko hatarini. Hatari yenyewe si ya kesho.

Ngome hii imepita mikononi mwa tawala tofauti. Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji na kujenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 wakaihama. Karibu karne tatu baadaye Waomani wakajenga hapo upya, na kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni zao. Watawala wote wamekwenda.

Bahari haijaenda.

Upande wa baharini, sehemu ya ngome imeshaanguka. Wimbi huanza na msingi. Linachota mchanga chini ya jiwe, jiwe linabaki halina pa kukalia, kisha mvua inamalizia. Chokaa ya zamani ikishalowa chumvi, ukiipitishia kidole inamwagika kama unga. Ukuta wa matumbawe hautoi taarifa ndefu. Unasimama, unasimama, halafu unaporomoka kwa mara moja.

Asiyeamini aikumbuke Beit al-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar. Ilikuwa imefungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu. Ubovu ulijulikana. Tarehe 25 Desemba 2020 iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa.

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014 yakatolewa, baada ya kazi kubwa na ya kupongezwa. Tangu hapo wengi wamelegea. Kutoka kwenye orodha hakuzuii wimbi hata moja.

Yapo ya kufanya. Mikoko isikatwe. Mikoko ndiyo inayovunja nguvu ya maji kabla hayajafika ukutani. Palipokatwa, ipandwe tena.

Saruji isiguse ukuta huu. Najua ni rahisi kupatikana na inakauka haraka, lakini inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linaoza kwa ndani huku nje panang'aa. Chokaa kwa chokaa, basi.

Miche inayoota nyufani ing'olewe ingali na majani mawili. Mzizi ukinenepa, kuung'oa ni kuubomoa ukuta wenyewe.

Na mawe yaliyoanguka yasichukuliwe kujengea. Fundi atayahitaji.

Kazi ianzie upande wa baharini, kabla ya masika.