MAULIZO YA KAZI KWA VIDEO: TUJITAYARISHE, NA TUDAI HAKI



Zamani mtu wa Kamenu akitaka kazi alijua njia. Aliamka alfajiri, akaenda mpaka lango la kiwanda, akasimama pamoja na wenzake, na nyapara akatoka akachagua kwa kidole. Njia hiyo haijafa. Vibarua wangali wanasimama langoni hata leo. Lakini tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, makampuni mengi na mawakala wao wameshika desturi nyingine. Karani, fundi wa mitambo, dereva au mwuzaji hupata ujumbe katika simu kwamba siku fulani, saa fulani, ataulizwa maswali kwa video. Anayemwuliza aweza kuwa Nairobi, aweza kuwa Dubai.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya vijana. Sisi hatukubali. Fundi mwenye miaka 20 ya kazi akikosa nafasi kwa sababu hakujua simu iwekwe wapi, hasara ni yake, ni ya watoto wake, na ni ya kiwanda pia. Kwa hiyo leo twasema mambo mawili: namna ya kujitayarisha, na haki ya kudai.

Kwanza, mahali. Wengi wetu hapa Kamenu, Makongeni na Landless tunakaa chumba kimoja pamoja na watoto, na nje kuna kelele za redio na za jua kali. Si aibu. Omba chumba cha rafiki kwa saa moja, au waambie majirani mapema. Kaa ukielekea dirisha. Ukilipa dirisha kisogo, uso wako utaonekana giza tupu.

Pili, simu. Usiishike mkononi, maana picha itatetemeka. Iegemeze juu ya debe au vitabu mpaka ifike usawa wa macho. Unapojibu, tazama tundu la kamera, si picha yako mwenyewe. Ijaze moto usiku, stima isije ikapotea asubuhi. Saa moja ya video yaweza kula nusu giga, na mara nyingine zaidi ya giga moja, basi nunua bando kabla. Waambie ndugu zako wasikupigie saa hiyo. Angalia pia jina linalotokea chini ya picha yako. Jina la utani linalochekesha rafiki halimchekeshi mwajiri. Na uulize mapema nambari ya kupiga kama mtandao ukikatika.

Tatu, maneno. Kiwandani fundi huonyesha kazi yake kwa mkono. Katika video hakuna mashine ya kushika, kuna mdomo tu. Andika katika karatasi: mashine gani unazijua, kwa miaka mingapi, iliharibika nini ukaitengeneza, ajali gani uliizuia. Karatasi iwe karibu, lakini usiisome kama mtoto wa shule. Jizoeze na mwenzako mara mbili, yeye akiuliza nawe ukijibu. Sauti huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo ngoja mwulizaji amalize ndipo ujibu.

Nne, uliza na wewe. Mshahara ni kiasi gani? Saa ngapi za kazi? Mkataba ni wa muda gani? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Ahadi ya kwenye video si mkataba.

Na ujihadhari na wezi. Mtu akikuambia utume pesa kwa M-Pesa ndipo uulizwe maswali, funga simu. Mwajiri wa kweli humlipa mfanya kazi. Hamtozi mtu ada ya kuulizwa maswali.

Sasa haki. Wazee wetu, tangu mwaka 1920 hivi, walivaa kipande shingoni. Mwajiri aliandika ndani yake habari za mtu na kazi yake, na mwenye kukivaa mara nyingi hakujua kusoma yaliyoandikwa. Ni kipande hicho, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, kilichomfanya Harry Thuku aseme hadharani, akakamatwa Machi 1922. Video inaweza kuwa kipande cha leo. Sura yako, sauti yako na chumba chako vinawekwa mahali usipopajua, na watu usiowajua.

Lakini leo tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zitatumiwa kwa kazi gani. Inampa pia haki ya kukataa kuamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake. Mambo haya si ndoto. Marekani kampuni moja, HireVue, ilikuwa na programu ya kupima nyuso za waombaji kazi. Ililaumiwa sana, na mwaka 2021 ikatangaza kwamba imeiacha. Katika jimbo la Illinois, tangu Januari 2020, mwajiri anayetaka mashine ipime video ya mwombaji lazima amwambie kwanza, amweleze inavyofanya kazi, na apate ruhusa yake.

Tena, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi hata wakati wa kuajiri: kwa kabila, kwa jinsia, kwa mimba, kwa ulemavu, kwa virusi vya Ukimwi. Mwulizaji anayechungulia chumba chako hana ruhusa ya kukupima kwa ukuta wa mabati.

Basi twataka waajiri wa Thika na Ruiru wakubali mambo matatu. Mwombaji asiye na simu ya video apewe nafasi ya kuja mwenyewe, asihesabiwe kuwa amekataa. Mtandao ukikatika, aulizwe tena. Na video isiwekwe bila yeye kujua.

Nasi wenyewe tusingoje waajiri. Twapendekeza kila tawi litenge chumba kimoja kimya, chenye meza, taa na mtandao, ambapo mwanachama ye yote, na mtoto wa mwanachama, ataulizwa maswali yake kwa heshima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkutano mmoja. Jambo hili liletwe katika mkutano wa tawi, lijadiliwe, lipigiwe kura.

Nyapara wa zamani alituchagua mmoja mmoja. Tusikubali simu itutenge vivyo hivyo. Anayejua amfundishe asiyejua.

Umoja ni nguvu.