Si vumbi la shaba linalokula segma

Segma, ambazo Nairobi huitwa ringi za pistoni, huzuia gesi ya mwako isishukie kwenye oili, na oili isipande ikaungua. Zikilika, lori hutoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu mlimani. Kwa nini zinalika mapema hapa Kolwezi? Nayapinga majibu yanayozunguka gerejini.

Wengi husema ni vumbi la shaba. Hapana. Malakiti, lile jiwe letu la kijani lenye shaba, ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 3.5 hadi 4 tu. Kwatzi, chembe ya mchanga wa kawaida, ni 7. Kiangazi, Mei hadi Septemba, barabara ya udongo huinua kwatzi hiyo, hata kwa lori lisilowahi kubeba madini.

Wengine wanadai dawa ni segma ngumu zaidi, basi. Hapa ndipo pesa hupotea. Chuma cha kutupwa kina ugumu wa Vickers 200 na ushei. Kikipakwa kromu ngumu, hufika 800 hadi 1,000. Kwatzi huzidi 1,000. Ndiyo maana watafiti waligeukia nitridi ya kromu, inayokaribia 2,000, na wengine wakapachika chembe za kauri, hata almasi, ndani ya nyufa ndogo za kromu. Kazi nzuri sana. Lakini segma haifanyi kazi peke yake: mchanga ukishindwa kuila, utakwaruza ukuta wa silinda. Na segma ya kromu ndani ya silinda ya kromu hushikana na kuchubuana. Ugumu bila kuangalia silinda ni nusu ya kazi.

Basi mchanga uzuiwe kwenye filta ya hewa. Kuipuliza kwa kompresa? Hewa kali hupasua karatasi yake. Pimeni oili maabara: silikoni ikipanda pamoja na chuma, mchanga umeingia, na segma mpya italika vilevile.

Dai la mwisho linanigusa: kobalti yetu itatutengenezea segma. Kweli, kobalti hushikilia chembe za kabidi ya tangsteni zinazopulizwa juu ya baadhi ya segma, na aloi zake hulinda vali za dizeli. Ila kobalti ya mkoa wetu wa Lualaba huondoka zaidi kama hidroksidi, kuelekea China, na sehemu kubwa huishia kwenye betri. Kabla ya kiwanda cha segma tunahitaji kiwanda cha kuisafisha iwe metali.